Nguo za Kupanda Mlima Kenya kutoka Toi na Kawangware

Anayepanda Mlima Kenya havai nguo moja nzito. Huvaa nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, na kila moja ina kazi yake: ya kwanza hulala kwenye ngozi na kuondoa jasho, ya pili hushika joto la mwili, ya tatu huzuia upepo na mvua. Zikinunuliwa mpya kwenye maduka ya vifaa vya safari, tabaka hizi tatu zinaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima. Jijini Nairobi wapo wengi wasiofika kwenye maduka hayo. Hukamilisha mavazi yao kwenye mitumba, katika soko la Toi lililobanana kati ya Makina, Kibera, na barabara ya Ngong, au Kawangware, kwenye vibanda vya barabara ya Naivasha na maturubai yanayotandazwa chini jioni watu wanapotoka kazini.

Nguo za barafu hujaa katika jiji lisilojua theluji kwa sababu ya njia inayofuatwa na mitumba yenyewe. Beli hutoka Canada, Uingereza, Ujerumani na nchi nyingine zenye majira ya baridi kali, ambako jaketi la mlimani hutupwa kwa kuwa rangi yake imepitwa na wakati au mwenyewe amenenepa. Beli la kawaida huwa na uzito wa kilo 45. Hushuka Mombasa, huuzwa katika soko la Gikomba, na likifunguliwa alfajiri wachuuzi huchagua kwa zamu. Zilizo bora kabisa huitwa kamera na huondoka kwanza. Fagia ni zile zinazobaki chini baada ya kila mtu kupita. Mteja wa Toi au Kawangware hukuta mchanganyiko. Jaketi la maelfu huweza kuning'inia kando ya sweta iliyoliwa na nondo, na mara nyingine muuzaji amezipa bei moja kwa sababu zote mbili ni nzito mkononi. Anayejua anachotafuta ndiye anayefaidi.

Kiasi cha baridi kinachomsubiri mpandaji kinaweza kukadiriwa kabla hajatoka nyumbani. Kibera na Kawangware ziko takribani mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lenana, kinachofikiwa na mtu asiyetumia kamba, kiko mita 4,985. Batian chenye mita 5,199 na Nelion chenye mita 5,188 ni vya wakwea miamba, na mavazi yake ni habari nyingine. Hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kati ya Kibera na Lenana kuna tofauti ya nyuzi kama 21. Alfajiri ya Julai ambapo Nairobi nzima inalalamikia baridi ya nyuzi 12, Lenana hukaribia nyuzi 9 chini ya sufuri, na hapo upepo haujahesabiwa.

Misimu mizuri ya kupanda ni miwili: Januari na Februari, kisha kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Katikati zipo mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba. Mwanzo wa kila msimu ndio mgumu zaidi kuvalia. Mwishoni mwa Juni mvua zimekwisha kwenye kalenda lakini bado zimo ardhini: nyasi ni mbichi, matope ni mengi, na mawingu hupanda kutoka msituni baada ya saa sita mchana karibu kila siku. Usiku anga husafika na baridi hushuka kwa kasi. Mtu huyo huyo hutoka jasho langoni, akalowa na manyunyu kwenye mianzi, akaingia ukungu jioni, na kufikia alfajiri akatembea juu ya barafu. Hakuna vazi moja linalozimudu hali zote nne.

Wawindaji wa misitu ya juu walilijua tatizo hili zamani. Waokiek wa msitu wa Mau walivaa majoho ya ngozi za perere, mnyama mdogo mwenye manyoya mazito kwa kuwa naye huishi penye baridi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini mwendo wa mwindaji haujatoweka Kenya. Umerithiwa na wapiga picha za wanyama na watazamaji wa ndege wanaopanda Nyandarua na Mlima Kenya: kutembea kwa nguvu mteremko mzima, kisha kukaa kimya pale pale kwa saa moja au mbili. Mwendo huo ndio unaoua. Mwili uliotoa jasho ukisimama ghafla kwenye upepo hupoteza joto kuliko ule uliotembea taratibu tangu mwanzo.

Kinachofanya jasho liwe hatari ni maji yenyewe. Maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, na nguo haina joto lake. Inachofanya ni kushika hewa isiyosogea karibu na mwili. Nyuzi zikijaa maji, hewa hiyo hufukuzwa na joto la mwili hupata njia ya kutoka. Dalili za mwili kupoa kupita kiasi huanza na kutetemeka, vikafuata vidole vinavyoshindwa kufunga zipu, kisha maneno ya kuvutavuta na maamuzi ya ajabu. Kutetemeka kukikoma bila mtu kupata joto, hali imekuwa mbaya. Haya hayahitaji theluji. Manyunyu na upepo kwenye nyuzi 8 hutosha.

Adui wa kwanza wa mpandaji wa Nairobi, basi, ni mavazi anayoyapenda zaidi: jinzi na hudi ya pamba. Pamba hunywa maji na kuyashika. Hudi nzito ya pamba hupendeza ikiwa kavu ndani ya matatu ya usiku, lakini ikilowa mlimani huning'inia na kubeba maji kwa saa nyingi, na hakuna mahali pa kuianika. Jinzi ni mbaya zaidi kwa kuwa hubana goti, hukwaruza paja na haikauki hadi kesho yake. Vitu hivi viwili vinaweza kubaki nyumbani hata kama mtu hana kingine cha maana. Suruali ya bei rahisi ya mazoezi ya poliesta humfaa kuliko jinzi bora kabisa sokoni.

Kutambua kitambaa huanza na lebo. Kwenye mitumba lebo nyingi bado zipo, zimeshonwa ndani ya ubavu wa kushoto au nyuma ya shingo, na huonyesha asilimia ya kila uzi. Kinachotafutwa kwa tabaka la kwanza ni poliesta, naironi au sufu, pamoja na uzi kidogo wa kuvutika. Pamba ikizidi kiasi kidogo, nguo hiyo ni ya kulalia kambini. Lebo ikiwa imekatwa, mkono unaweza kusaidia: poliesta huteleza na kuwa baridi kidogo mwanzoni, pamba huwa na ukavu laini, sufu nzuri huwa na chembe ya mwasho. Njia ya uhakika zaidi ni ya moto, na hufanywa baada ya kununua au kwa ruhusa ya muuzaji. Uzi mmoja huvutwa kutoka kwenye pindo la ndani na kuwashwa kwa kiberiti mbali na nguo. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu, ni pamba. Ukitoa harufu ya nywele zilizoungua na kujizima wenyewe, ni sufu. Ukijikunja, ukayeyuka na kuacha tone gumu jeusi, ni poliesta au naironi.

Tabaka la kwanza ni rahisi kupata na ndilo linalopuuzwa. Vibanda vya nguo za mazoezi vya Toi huwa na fulana za mikono mirefu na taiti za wakimbiaji, na kazi yao mlimani ni ile ile ya barabarani: kuvuta jasho kutoka kwenye ngozi na kulisambaza nje likauke. Lazima zikae karibu na mwili bila kubana pumzi. Asiyepata fulana ya mazoezi anaweza kutumia jezi ya mpira. Jezi za timu, ziwe halisi au za bandia, karibu zote ni poliesta, na shabiki wa Gor Mahia ana tabaka la kwanza kabatini bila kujua. Kasoro yake ni mikono mifupi na harufu, kwa sababu poliesta hushika harufu ya jasho upesi. Sufu laini ya kondoo wa merino haina tatizo hilo na huweza kubeba unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kulowa. Hupatikana kwa nadra, kwa kawaida kwenye rundo la sweta nyembamba za kike au za kiofisi, na wauzaji wengi huziweka bei ya chini kwa sababu ni nyepesi na hazina nembo kubwa kifuani. Kabla ya kulipa, nguo huinuliwa kuelekea mwanga, kwani matundu ya nondo huonekana hapo na si mezani.

Anayepanda hubeba tabaka la kwanza mara mbili: moja la kutembea na moja kavu linalokaa ndani ya mfuko wa plastiki hadi kambini. La pili haliguswi mchana hata kama la kwanza limelowa chapachapa. Usingizi wa usiku mzima hutegemea fulana hiyo moja.

Tabaka la katikati ni la kushika joto, na hapa mitumba ina utajiri. Flisi ndiyo chaguo la mwanzo: kitambaa cha poliesta chenye manyoya mafupi, chepesi, kinachokauka haraka na kinachoendelea kupasha joto kikiwa na unyevu. Flisi nzuri hurudi juu ikibonyezwa. Iliyochakaa hubaki imelala na kuonyesha uzi wa chini kwenye viwiko na chini ya kwapa, na hiyo haishiki hewa tena. Flisi mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa kuwa moja inaweza kuvuliwa. Sweta ya sufu ya kusokotwa hufanya kazi hiyo hiyo ikiwa na uzito zaidi. Za akriliki zinafanana nayo kwa macho na hazipashi sawa, ndiyo maana jaribio la uzi lina thamani hapa kuliko kwingine.

Historia ya mlima wenyewe inaonyesha jinsi tabaka hili linavyoweza kutengenezwa kwa kitu chochote kinachoshika hewa. Mwaka 1943 mfungwa wa vita wa Italia, Felice Benuzzi, pamoja na wenzake wawili, walitoroka kambi ya Nanyuki ili waupande mlima waliokuwa wakiutazama kupitia seng'enge. Nguo zao za baridi zilitokana na mablanketi ya kambi na vyuma vya kukanyagia barafu walivitengeneza kutoka kwenye chuma chakavu. Wawili kati yao walifika Lenana, wakateremka, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao kuendelea na kifungo.

Juu ya flisi huongezwa jaketi la kujazwa, lile lenye mishono ya mistari linalofanya mvaaji aonekane mnene. Ndani yake huwa na manyoya ya bata au nyuzi za poliesta, na tofauti ni kubwa. Manyoya ya bata hupasha joto kuliko kitu kingine chochote cha uzito sawa, lakini yakilowa hushikana mabonge na kuwa bure. Poliesta ni nzito kidogo na huvumilia unyevu. Kwa mwanzo wa msimu, ambapo ukungu huingia hadi ndani ya hema, poliesta ni salama zaidi kwa mtu mwenye jaketi moja tu. Vidole hutambua haraka: manyoya ya bata huwa na vijiti vyembamba vinavyochoma kidogo kitambaa kikifinywa, na jaketi likikunjwa na kuachiwa hujaa lenyewe polepole. Likinuka ukungu au likiwa na mabonge pembeni mwa mishono, limewahi kukaa na maji, na kulifufua ni kazi ya siku nyingi.

Tabaka la nje ndilo gumu kununua kwa sababu kasoro zake hujificha. Jaketi la mvua la mlimani lina kitambaa cha nje kinachotiririsha maji, na nyuma yake utando mwembamba unaozuia maji kuingia huku ukiruhusu mvuke wa jasho kutoka. Utando huo huzeeka hata kama jaketi halijavaliwa. Kwa hiyo anayechagua hugeuza jaketi ndani nje kwanza, kabla ya kutazama rangi. Utando ukibanduka kama ngozi iliyoungua jua, au ukinata vidoleni, jaketi limekufa, na bei nzuri haiwezi kulirudisha. Kisha mishono: iliyo bora imefunikwa kwa utepe wa plastiki upande wa ndani, na utepe huo unapaswa kuwa umeshika hadi kwenye kofia. Zipu huvutwa juu na chini mara kadhaa, na kofia hufungwa kuona kama kamba zake zinavuta. Mwisho ni maji. Matone machache kutoka kwenye chupa ya kunywa humwagwa begani, sehemu inayobanwa na mkanda wa begi. Yakikusanyika na kuteleza, vema. Yakienea na kuacha doa jeusi kwa nje huku ndani kukiwa kukavu, dawa ya juu imekwisha, na hiyo hurudishwa kwa kupaka nyingine. Yakipenya hadi ndani, jaketi ni la upepo tu.

La upepo nalo lina kazi. Kipimo chake ni mdomo: kitambaa huwekwa midomoni na kupulizwa kwa nguvu, na pumzi isipotokea upande wa pili, upepo wa mgongo wa Lenana hautapita. Mpandaji mwenye bajeti ndogo anaweza kuwa na jaketi jepesi la upepo analovaa muda mwingi, na koti la mvua la plastiki la bei rahisi kwa saa za mvua kubwa. Plastiki haipumui na mvaaji hulowa jasho ndani, lakini hilo huvumilika kwa saa moja. Suruali ya mvua isisahauliwe. Kwa kiasi cha nyasi ndefu na matope kilichopo mwishoni mwa Juni, magoti hulowa kabla ya mabega.

Toi hakuna chumba cha kujaribia nguo, na kwa tabaka la nje hiyo ni faida. Jaketi hujaribiwa juu ya nguo ambazo mtu amevaa, hivyo anayekwenda sokoni akiwa na flisi mwilini hupata kipimo cha kweli. Mikono huinuliwa juu kama anayeshika mwamba; kiuno kikifunuka, jaketi ni fupi. Saizi moja kubwa kuliko ya kawaida ndiyo hufaa. Ikizidi upana, mafundi wa cherehani wanaokaa pembezoni mwa masoko yote mawili hupunguza suruali, hubadilisha zipu na hushona viraka papo hapo. Jambo moja haliwafai: jaketi la mvua lisishonwe mgongoni au mabegani, kwani kila tundu la sindano ni mlango wa maji.

Beli za Marekani na Canada hubeba pia majaketi ya wawindaji wa huko, na ubora wake unavutia: kitambaa kisichopiga kelele kikisuguana, mifuko mikubwa, kofia inayoruhusu kusikia. Tatizo ni rangi. Mengi yana michoro ya majani na matawi inayofanana na sare za kijeshi, na Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare za majeshi. Watu wamekamatwa kwa kuvaa kofia au suruali ya namna hiyo barabarani, na maelezo kwamba mchoro ni wa mwindaji wa bata hayamsaidii mtu kituoni. Nguo hizo ziachwe zilipo. Hata hivyo, katika rundo hilo hilo huwemo vizibao vya rangi ya chungwa kali ambavyo majimbo mengi ya Marekani huwalazimisha wawindaji kuvaa ili wasipigwe risasi na wenzao. Kizibao hicho ni halali Kenya na ni cha manufaa makubwa ukungu ukishuka mlimani kwenye bonde la Teleki na kundi likaanza kutafutana.

Kichwa, mikono na miguu hununuliwa mwisho lakini havistahili masalio ya bajeti. Boshori ya sufu inayoshuka hadi shingoni hulinda masikio na pua usiku wa kilele. Kofia ya kawaida ya mavini hutosha kambini. Glavu zinafaa ziwe mbili: nyembamba za ndani zinazoruhusu kufunga zipu na kubwa za nje zisizopitisha upepo. Za ngozi za pikipiki huonekana nzito lakini zikilowa huganda. Soksi za pamba huleta malengelenge, na hapa pia sufu au mchanganyiko wa naironi ndio hutafutwa, jozi tatu angalau, moja ikiwa ya kulalia. Viatu vya mitumba vinahitaji tahadhari ya pekee. Soli ya kiatu kilichokaa stoo miaka mingi huweza kuonekana mpya na kubanduka yote siku ya kwanza ya matope. Kiatu hukunjwa katikati kwa nguvu, na ukingo wa soli hubonyezwa kwa ukucha. Ukiacha vumbi au ufa, kiatu hicho ni cha mjini.

Namna ya kutumia tabaka ni muhimu kama ubora wake. Kwa njia ya Naro Moru, kutoka lango la hifadhi hadi kituo cha Met, mita 3,050, mpandaji huwa na tabaka la kwanza tu, na flisi nyembamba asubuhi. Kanuni ya waongozaji ni kuanza safari ukihisi baridi kidogo. Anayeanza akiwa na joto tamu hulowa ndani ya dakika ishirini. Kupita Met ardhi hugeuka kinamasi cha mteremko kinachojulikana kwa kuvua watu viatu, na hapo suruali ya mvua huvaliwa hata jua likiwaka. Kila kituo cha mapumziko, jaketi huvaliwa mara tu mtu anaposimama, kabla hajafungua chai, na huvuliwa dakika ya mwisho kabla ya kuondoka. Hii huchosha, na ndiyo sababu jaketi hukaa juu kabisa ya begi badala ya chini.

Kambi ya Mackinder, kwenye njia hiyo hiyo, iko mita 4,200. Safari ya Lenana huanza usiku wa manane, saa nane au tisa, ili kilele kifikiwe jua likichomoza. Hapo karibu kila kitu huvaliwa: tabaka kavu, flisi mbili, la nje, boshori, glavu mbili. Jaketi la kujazwa mara nyingi hubaki begini wakati wa kupanda na kutolewa kileleni, kwa sababu mwendo wa changarawe hutoa jasho hata kwenye barafu. Maji ya kunywa huwekwa ndani ya jaketi yasigande, pamoja na simu, kwani betri hufa haraka kwenye baridi.

Kabla ya Mlima Kenya, nguo hujaribiwa karibu na nyumbani. Milima ya Ngong, yenye urefu wa mita 2,460, ina upepo uliowavutia wajenzi wa mitambo ya umeme, na siku moja pale hufichua mshono unaokwaruza au zipu inayokwama. Wakati wa kununua nao una hesabu yake. Juni na Julai Nairobi nzima hutafuta majaketi, na wauzaji hawapunguzi kirahisi. Januari na Februari, jua likiwa kali, majaketi huwa yamefungwa nyuma ya kibanda na muuzaji hufurahi kuyaondoa. Mpandaji wa Juni hununua wakati huo.

Wanaosahaulika zaidi katika hesabu za nguo ni wapagazi, wanaobeba mizigo ya wengine kwa mwendo ule ule na kulala kwenye baridi ile ile. Kilimanjaro, ambako kilele kiko mita 5,895, lipo shirika la kutetea wapagazi mjini Moshi linalowaazima mavazi ya mlimani bila malipo. Kwa Mlima Kenya, kundi linalojipanga lenyewe hufanya vizuri kukagua nguo za wapagazi wake langoni, na flisi ya ziada kutoka Kawangware hailemei mfuko wa kikundi.

Nguo zote za mitumba hufuliwa kabla ya safari. Flisi na fulana za poliesta hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha vitambaa, kwani dawa hiyo hufunika nyuzi na kuzizuia kuvuta jasho. Sufu huoshwa kwa maji baridi na kuanikwa imelala, isije ikarefuka. Jaketi la manyoya ya bata huoshwa kwa mkono, hukamuliwa kwa kubanwa bila kusokotwa, na hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa likitikiswa na kupigwapigwa kila baada ya saa chache hadi mabonge yaachane. Jaketi la mvua huoshwa taratibu, hupakwa dawa ya kutiririsha maji kama tone lilienea begani, na huhifadhiwa likiwa limetundikwa, kwa kuwa utando wa ndani hupasuka kwenye mikunjo ya kudumu.